Majani Mabichi Darini

Niseme wazi tangu mwanzo: sikwenda shambani kwa moyo mwema. Nilikwenda kwa sababu mama alisema tunakwenda, na mama akishasema tunakwenda, kinachobaki ni kutafuta viatu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, shule imefungwa juzi tu, na mpango wangu wa kiangazi ulikuwa kulala hadi saa sita mchana, kuamka nile, kisha kulala tena ili chakula kishuke. Badala yake, Jumatatu moja ya Julai nikajikuta kiti cha nyuma cha gari, katikati ya bibi na sufuria ya pilau, tunatoka Parkdale, mtaa wetu huku Kanada, kuelekea kaskazini wakati tramu za asubuhi bado tupu.

Bibi alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kilimanjaro, na mwezi mzima alikuwa ameishi ghorofa ya kumi na moja kama sahani ya wageni iliyowekwa juu ya kabati. Lifti hakuipenda. Majirani wanaopita koridoni bila salamu hakuwapenda. Lakini kilichomuumiza zaidi kilikuwa kile kipande cha nyasi mbele ya jengo letu. Kila wiki alikuja mwanaume mmoja na mashine, akazikata, akazijaza kwenye mifuko, akaondoka nazo.

"Anampelekea nani?" bibi aliniuliza mara ya kwanza.

"Hampelekei mtu, bibi. Zinatupwa."

"Hana ng'ombe?"

"Hana."

"Na jirani yake?"

"Naye hana."

Akaketi kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Ng'ombe wa bibi wanafugwa bandani, na tangu akiwa msichana amekuwa akishuka bondeni kukata majani, anayafunga tita, anayapandisha mlimani kichwani, kila siku ya Mungu. Siku aliyomzaa mama, anasema, alikuwa ameshaleta ya asubuhi.

Sasa huyo tuliyekuwa tunamwendea. Mama anafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa majumbani. Mwaka uliotangulia alikuwa akienda kwa mkulima mmoja mzee, mwendo wa saa moja na nusu kutoka jijini, kumhudumia mkewe aliyekuwa mgonjwa sana. Alilala huko siku nne, akarudi nyumbani siku tatu, na mimi kwa zile siku nne nililelewa na mayai ya kukaanga. Yule mama alipofariki kazi ikaisha, lakini mama hakuacha kumpigia mzee simu kila Jumapili baada ya kanisa. Ndivyo alivyojua kwamba ameanguka kwenye ngazi ya ghala na kuvunjika mkono wa kushoto.

Mama alinieleza mambo yote njiani, kwa Kiingereza, macho barabarani. Mzee ana farasi wawili wa kazi, wale wakubwa wa kukokota. Trekta hana na hataki. Binti yake anaishi Calgary, na kwa kuhofia baba yake ataumia tena, amempata mtu wa kuwanunua. Wamebishana wiki tatu kwenye simu hadi wakakubaliana hivi: dari ya ghala ikijaa nyasi kavu kiangazi hiki, chakula cha farasi cha majira yote ya baridi, farasi wanabaki. Isipojaa, lori linakuja.

"Na mkono wake mmoja?" nikauliza.

"Ndiyo maana tunakwenda."

"Mama, mimi sijawahi kushika hata reki."

"Utaishika leo," akasema mama. Bibi akaunga mkono bila kujua tunazungumzia nini haswa. Ndivyo anavyofanya mama akiwa anagombana na mimi.

Nyuma yetu lilifuata gari dogo lenye wamama wawili wa kwaya ya kanisani, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Mama aliwaambia kuna kazi ya siku tatu, hewa safi, na pilau. Nadhani walisikia pilau.

Mzee alitupokea langoni, mkono umefungwa plasta, kofia ya majani kichwani. Nyuma yake farasi wawili weusi, wamesimama wakinitazama kama walimu wa zamu. Mmoja ana alama nyeupe kwenye paji. Kila mmoja ana makalio mapana kuliko friji letu. Bibi akawazunguka polepole, akawapima kwa macho kama anayeombwa ushauri mnadani.

Hapa ndipo nilipoanza kujichimbia shimo. Bibi hajui Kiingereza na mzee hajui Kiswahili, mama na wenzake wanashusha vyakula, kwa hiyo mkalimani ni mimi, na mimi ukinipa kazi ya heshima naharibika.

"Mwambie bibi yako karibu sana," mzee akasema, "namshukuru kwa kuja mbali hivi."

Nikamgeukia bibi. "Anauliza kama una mchumba."

Bibi akamtazama mzee kuanzia kofia hadi buti. "Mwambie nina wajukuu kumi na wanne na goti bovu."

"Bibi anasema," nikamwambia mzee, "farasi wako wamenenepa kama maaskofu."

Mzee akacheka hadi akashika plasta yake. Bibi akaona anacheka kwa habari ya goti lake, akanuna. Asubuhi nzima nikaendelea hivyo. Niliona nina kipaji.

Mzee alikuwa amekata nyasi alfajiri hiyo, kabla hatujafika. Alikaa juu ya mashine ya chuma, hatamu zote mkono mmoja, farasi wakiivuta taratibu, na kisu kirefu cha pembeni kikizilaza nyasi chini kama watoto wanaolazwa kwa zamu. Shamba zima lilikuwa limelala. Harufu yake ilikuwa tamu, na mimi ambaye kwa kawaida nanusa basi na shawarma nikabaki nimesimama.

Mchana alitakiwa hospitali, mkono upigwe picha. Mama ndiye angempeleka. Kabla ya kuondoka mzee akaniita peke yangu ukingoni mwa shamba. Akaokota nyasi konzi moja, akanipa.

"Zinyonge, kama unakamua nguo."

Nikazinyonga. Zikapinda, zikabaki zimepinda.

"Zimejaa maji," akasema. "Zikikauka, ukizinyonga zinakatika. Leo zinalala hapa juani. Kesho tunazigeuza. Keshokutwa tunazikusanya, ndipo ziingie darini. Zikiingia mbichi zinajichemsha zenyewe humo ndani. Nikiwa mdogo ghala la jirani yetu liliungua lote, na hakuna aliyewasha kiberiti."

"Zinajichemsha?"

"Zenyewe. Waeleze wenzako. Leo hakuna kugusa."

"Sawa, mzee," nikasema. Nilimsikia kila neno. Naliandika hili ili msije mkanitafutia udhuru baadaye.

Gari la mama halijapotea hata vumbi lake, bibi akatoka jikoni akijifuta mikono. Akaliona shamba. Jua la saa saba linawaka, majani mazuri kabisa yamelala chini, na hakuna mtu anayeyaokota.

"Hayo majani vipi?" akaniuliza.

"Yanakaushwa, bibi. Mzee kasema yaachwe."

"Yaachwe juani? Majani mazuri hivi?"

"Ndivyo alivyosema. Yakiingia mabichi yanajichemsha, ghala linaungua."

Bibi akanitazama. Wamama wa kwaya wakatazamana.

"Majani mabichi yanawaka moto," bibi akarudia.

"Ndiyo."

"Yenyewe."

"Yenyewe, bibi. Hii ni kweli."

"Na ile ya mchumba?"

Nikajikuna shingo. "Ile haikuwa kweli."

"Na ile kwamba ameuliza kama kilemba changu kinauzwa?"

"Nayo pia hapana."

"Haya," bibi akasema, akavua kanga kiunoni na kuanza kuisokota ngata. "Yule baba wa watu ana mkono mmoja. Amekata tangu alfajiri, nguvu zikamwishia, akaona aibu kusema. Wewe unamtungia hadithi za moto. Twendeni tumsaidie kabla hayajanyauka."

Ningeweza kumpigia mama. Simu ilikuwa mfukoni. Ningeweza kusimama mbele ya bibi nikaapa kwa jina la babu, naye angeniamini, maana kwa babu sitanii. Lakini kichwani mwangu kulipita hesabu nyingine: nyasi zikiingia leo, kazi inaisha leo. Kesho narudi mjini. Siku mbili za kugeuza majani kwa uma zinafutika, na mwenye kosa si mimi, ni bibi. Nikakaa kimya. Kisha nikaokota tita langu.

Wachaga tukishaanza kazi ya majani tuacheni. Bibi alitufundisha kulaza mashina upande mmoja, kukaza kwa kamba, kubana kwa goti. Ghala la kule limejengwa kwenye mteremko, kwa nyuma unaingia darini moja kwa moja kama unaingia sebuleni, kwa hiyo tukawa tunapanda na matita kichwani, tunatupa, tunarudi. Wamama wa kwaya walianza kwa kulalamika shingo, wakaishia kuimba sauti tatu. Mama mfupi alidondosha mzigo mara nne na kila mara akamlaumu mrefu. Farasi walitutazama juu ya uzio kwa mshangao mkubwa, sidhani walikuwa wamewahi kuona kazi yao ikifanywa na vichwa vya watu.

Kufika jioni, robo ya shamba ilikuwa darini, imeshindiliwa vizuri. Bibi alipanda juu akaikanyaga kwa miguu ili nafasi itoshe. Na yale tuliyoshindwa kuyabeba, alisema tusiyaache yateseke. Tukayarundika chini ya miti ya ukingoni na kuyafunika kwa turubai kubwa la mzee, yasiguswe na jua wala umande. Hakuna jani hata moja lililobaki linakauka. Tuliifanya kazi ile kikamilifu.

Mama na mzee walirudi jua linashuka. Hospitali walisubirishwa saa nne, na dawa aliyopewa ilimlegeza mzee, akaingia ndani moja kwa moja akalala. Bibi akaweka kidole mdomoni. Alitaka mzee aamke akute mambo yameshakamilika. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu ashuke uwanja wa ndege. Aliosha miguu kwenye ndoo nje akiimba, akala sahani mbili, akamwambia mama kwamba sasa ndiyo amefika Kanada.

Mama akaniuliza, "Siku yako ilikuwaje?"

"Nzuri," nikasema.

Asubuhi niliamka kabla ya wengine, jambo ambalo peke yake lingetosha kuwatia watu wasiwasi. Nilikwenda darini nikijiambia naenda kutazama tu. Nilipofungua mlango, harufu ikanijia: tamu, nzito, kama tumbaku iliyochanganywa na ndizi zilizovundikwa kwa ajili ya pombe. Juu ya lile rundo kulikuwa na mvuke. Mwembamba, kama wa kikombe cha chai. Nikapenyeza mkono ndani, ukaingia hadi kiwiko, nikautoa haraka. Kulikuwa na joto kama la uji uliotoka jikoni sasa hivi.

Sijawahi kukimbia hivyo, na nimewahi kufukuzwa na mwalimu mkuu msaidizi.

Mzee alikuwa jikoni anahangaika kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja. Nikamweleza yote bila kuvuta pumzi: matita, dari, turubai. Akaacha vifungo viwili wazi, akatoka. Darini akaingiza mkono wake mzima kwenye rundo, akausimamisha humo kama daktari anayesikiliza tumbo. Akautoa.

"Nilikueleza," akasema.

"Ulinieleza."

"Uliwaambia?"

Hapo ndipo ningeweza kumtupia bibi mzigo, na ungekaa vizuri kabisa kwenye ngata yake. "Niliwaambia mara moja. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimewadanganya mambo mengi, hawakuniamini. Na sikujaribu tena. Nilitaka kazi iishe haraka nirudi mjini."

Nikamwambia na habari ya mchumba. Sijui kwa nini. Ukishaanza kusema kweli inakuwa kama kutapika.

Akapangusa mkono kwenye suruali. "Wewe ni mkalimani mbaya sana," akasema.

"Ndiyo."

"Redio inasema mvua Alhamisi mchana. Leo Jumanne. Waamshe wote. Kila kilichoingia kinatoka."

Alipokuwa anashuka akaongeza, bila kugeuka, kwamba ile ya kutaka kurudi mjini ibaki kati yetu, kwa sababu anamfahamu mama yangu. Mama hakuijua hadi leo anaposoma hapa. Shikamoo, mama.

Mama ndiye aliyemweleza bibi. Sikuthubutu. Bibi alisikiliza, akaomba apelekwe darini, akagusa. Kisha akashuka, akakaa kwenye ngazi ya nyumba, akajifunika kanga hadi kichwani. Chai akaikataa. Mama mrefu wa kwaya akamwambia, "Bibi, hukujua," na bibi akajibu, "Kutojua hakuwalishi wanyama wa watu." Hasira naizoea, nina uzoefu nayo wa miaka mingi. Lakini bibi hakuwa na hasira. Alisema kwa sauti ndogo kwamba amekuja ugenini na kuharibu chakula cha mifugo cha mtu mjane, na kwao mtu wa namna hiyo hakaribishwi tena bondeni. Nilitamani anipige.

Mzee akaja akakaa ngazi moja chini yake. Akaniita kwa kidole. "Safari hii," akasema, "unasema ninachosema mimi."

"Sawa."

"Muulize, kwao wanalishaje ng'ombe?"

Nikauliza. Bibi akajibu kutoka ndani ya kanga. "Wanakaa bandani. Nawaletea majani kila siku, mabichi. Asubuhi na jioni."

"Mwaka mzima?"

"Majani yanaota mwaka mzima. Kwa nini yasiwe mwaka mzima?"

"Na makavu?"

Kanga ikashuka kidogo. "Nikimpa ng'ombe wangu majani yaliyokaa juani siku tatu, atanishtaki kwa mwenyekiti wa kijiji."

Nikatafsiri hivyo hivyo, na mwenyekiti wake. Mzee akaangua kicheko, kisha akaeleza kwamba hapa kuanzia Novemba hadi Aprili hakuna kinachoota, ardhi inakuwa kama sakafu, na farasi wanakula kiangazi kilichohifadhiwa darini. Bibi akawageukia wale weusi wawili kwenye uzio.

"Miezi sita wanakula majani makavu?"

"Sita kamili."

"Na makalio hayo?"

"Na makalio hayo."

Bibi akafikiri. "Mwambie, mbe," akasema, na hilo ni neno letu la Kichaga la kumheshimu mwanaume mtu mzima, "mwambie nimemkosea. Mimi niliona nyasi, sikuuliza majira."

Nilitafsiri polepole ili nisipoteze hata kipande. Mzee akasema yeye pia alikosea, alimwachia ujumbe mtoto aliyemwita farasi askofu. Kisha akampa bibi mkono wake mzima kumwinua, na bibi akanywa chai.

Sasa kutoa majani darini ni kazi mara tatu ya kuyaingiza, hasa yakiwa yamekanyagwa na mtu mwenye bidii. Tulichimba kwa uma zenye meno matatu. Katikati ya rundo yalikuwa yamegeuka rangi ya kahawia kama chai ya rangi, na yale ya chini kabisa yameshikana yanateleza, hayo ya chini tukayatupa kwenye samadi. Mvuke ulitupanda usoni. Kazi ya sehemu yenye joto zaidi niliiomba mwenyewe. Mama alinishika paji la uso kuona kama naumwa.

Tukayatawanya yaliyobaki shambani, ya kahawia upande wake, na yale ya chini ya turubai, mkono kwa mkono, jani kwa jani, kama watu wanaotafuta hereni. Mchana mzee akafunga farasi kwenye mashine nyingine, ya uma zinazorusha nyasi juu kama mtu anayepepeta. Jumatano tukageuza tena. Viganja vyangu vilitoa malengelenge, yakapasuka, yakatoa mengine. Mama mfupi akaniambia, "Pole, mkalimani." Hilo jina likanikaa, hadi leo kanisani naitwa hivyo.

Jumatano alasiri mzee aliokota konzi, akainyonga, ikakatika. Akampa bibi. Bibi akanyonga yake. Ikakatika. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa kiinimacho, na baadaye nikamwona ananyonga konzi nyingine peke yake, na nyingine.

Alhamisi tangu umande ulipokauka hadi mchana tulipakia. Mkokoteni wa kule ni mpana kama jukwaa, na nyasi hazifungwi, zinapangwa tu: unaanza pembe nne, unafuata kingo, kisha unaweka katikati ili izishike zote zisiteleze. Mzee alimweleza bibi mara moja. Mtu aliyebeba matita mteremkoni miaka sitini haelezwi mara mbili namna mzigo unavyokaa. Alisimama juu kabisa, goti bovu na yote, akipokea uma zetu na kupanga, na farasi waliposogea aliyumba na kusimama kama yuko kanisani. Mzee alisema tangu mkewe aumwe hajaona mkokoteni uliojengwa vizuri hivyo. Nilitafsiri na hilo. Bibi alijifanya hakusikia, akaniambia nirudie.

Ghalani kuna uma mkubwa wa chuma unaoning'inia kwa kamba ndefu. Unachomekwa kwenye nyasi za mkokotenini, na nje farasi mmoja anatembea mbele akivuta kamba, ndipo mzigo unapaa hadi kwenye paa. Mama ndiye aliyemwongoza yule mwenye paji jeupe. Mama yangu anaogopa hata paka. Alimshika lijamu mnyama yule akitembea naye bega kwa bega, akimwambia, "Twende baba, taratibu baba," na yeye akimsikiliza.

Tuliingiza mikokoteni mitano. Wa sita tulikuwa nusu yake wingu lilipofika. Mzee akanyoosha mkono kwenye mzigo, akanyonga konzi. Matone yalikuwa yameanza. Konzi ikapinda, haikukatika.

"Hizi haziingii," akasema.

Dari ilikuwa haijajaa. Ilibaki nafasi upande wa mashariki, kama chumba changu cha kulala. Kila mmoja wetu aliiona. Ile nafasi ilikuwa ni yale yaliyoozea kwenye samadi, na jua la Jumatatu tulilolizuia kwa turubai. Nafasi ile ilikuwa yangu, kwa vipimo.

Mzee akapiga simu Calgary akiwa amekaa jikoni, sisi wote tumejipanga ukutani kama ndugu wa bibi harusi. Hakudanganya. "Haijajaa," akamwambia binti yake. "Karibu. Lakini haijajaa." Tukasikia sauti ya binti inaongea, kwa upole, muda mrefu. Mzee akawa anatazama meza. "Najua," akasema. "Najua tulikubaliana."

Nikamwomba simu. Sikuwa na hotuba. Nilimwambia binti kwamba mimi ndiye niliyesababisha ile nafasi, si mkono wa baba yake. Nikamwambia juu ya matita na turubai. Akauliza, "Turubai la nini?" Nikamwambia la kuzuia jua. Nikasikia anacheka, halafu nadhani analia, ila kwa simu ni vigumu kujua. Akauliza ni nani huyo anayeongea nyuma yangu. Nilikuwa sijamsikia, kumbe bibi alikuwa ananivuta mkono.

"Anasema nini huyo bibi?"

"Anasema nyasi zinaota tena. Ameziona, zimeshaanza. Anasema mwezi ujao tutakuja kukata za pili, na safari hii tutauliza kwanza. Anasema lori lisubiri."

"Ndivyo anavyosema kweli?" akauliza binti. Baba yake alikuwa ameshamwambia habari zangu.

"Neno kwa neno."

Lori lilisubiri. Agosti tulirudi, wote, na yule binti alipanda ndege akaja, nikamfundisha kunyonga konzi kwa lafudhi ya mtu anayejua. Tulichukua siku nne kwa sababu mzee hakutaka kuharakisha. Dari ikajaa hadi ikabidi mama mfupi atolewe juu kwa ngazi. Septemba bibi akarudi Kilimanjaro. Akituaga uwanja wa ndege alikuwa anamweleza mama namna ya kupanga pembe nne, kana kwamba mama alikuwa hayupo.

Mzee anapiga simu Jumapili siku hizi, zamu zimebadilika. Mwezi wa pili, theluji ikiwa imefika madirishani kwake, aliomba aongee na mimi. Alisema wamefikia sehemu ile ya nyasi zilizogeuka kahawia darini, alikuwa ameiweka kando akidhani farasi wataikataa. Wameila kwanza. Wanaichambua kutoka kwenye nyasi nzuri kama watoto wanaochagua zabibu kwenye keki, na yule mwenye paji jeupe akisikia mlango wa dari unafunguka anapiga kwato.

"Nimwambie bibi?" nikauliza.

"Mwambie," akasema. "Ila usiongeze kitu."

Nilimpigia siku hiyo hiyo. Alikuwa bandani. Nikamwambia kama nilivyoambiwa, naye akawaeleza ng'ombe wake kwa Kichaga, na nikawasikia wakitafuna.